Michael Dillon, Daktari wa Meli Aliyejitafutia Tiba Yake

Mtu yeyote aliyekaa karibu na Kilindini siku zile za meli za abiria anajua kwamba daktari wa meli ni mtu wa peke yake. Si nahodha, si baharia, si msafiri. Ana chumba chake na sanduku lake la dawa, na kazi yake kubwa ni kungoja mtu augue. Michael Dillon, ambaye nataka kuwaeleza wasomaji maisha yake leo, aliishika kazi hiyo kwa miaka sita, tangu mwaka 1952 hadi 1958, na nadhani aliipenda kwa sababu katikati ya bahari hapana jirani wa kumwuliza mtu alikuwa nani zamani. Swali hilo alikuwa akilikimbia kwa nusu ya umri wake.

Alizaliwa London tarehe 1 Mei 1915, katika ukoo wa mabwana wa Ireland wenye cheo cha kurithiwa, ukoo wa Dillon wa Lismullen. Alizaliwa mwili wa kike, akaitwa Laura Maude. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya uzazi, na mtoto huyu pamoja na kaka yake, Robert, wakalelewa na shangazi zao huko Folkestone, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Walikuwa shangazi wenye mali na wenye ubahili, kama tunavyowajua wengine hata huku kwetu. Mwaka 1925 kaka yake, akiwa bado mtoto, alirithi cheo cha ukoo akawa Sir Robert. Ningewaomba wasomaji wakiweke akilini cheo hicho, maana kitakuja kuleta balaa baadaye.

Laura alikwenda Oxford, akajiunga na jumuiya ya wanafunzi wa kike ambayo baadaye ikawa chuo cha St Anne's. Alianza na elimu ya dini, akageukia Kiyunani na Kilatini, na huku akawa mpiga makasia hodari, mpaka akachaguliwa kuwa rais wa klabu ya mashua ya wanawake ya chuo kikuu. Alimaliza mwaka 1938. Kwa watu wa nje alikuwa msichana aliyefaulu. Mwenyewe, kama alivyokuja kuandika, alikuwa na yakini tangu utotoni kwamba yeye si mwanamke, na kila alipotendewa kama mwanamke alihisi kana kwamba watu wanasema na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Leo watu wakisikia habari za kubadili jinsia hudhani kwamba mtu huamka asubuhi akaenda hospitali, akalipa, akatoka jioni mtu mwingine. Dillon alianza kutafuta tiba mwaka 1939, wakati hapakuwa na hospitali yenye tiba hiyo wala sheria iliyoitaja, na hata jina la kuliita jambo lenyewe kwa heshima lilikuwa halijapatikana. Dawa yenyewe ilikuwa changa. Testosteroni, ile homoni inayoota ndevu na kunenesha sauti ya mwanamume, ilikuwa imetengenezwa na wanakemia kwa mara ya kwanza mwaka 1935, miaka minne tu nyuma, na wanakemia hao wawili, Butenandt na Ruzicka, walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka huo huo wa 1939.

Wakati huo Dillon alikuwa akifanya kazi katika maabara moja karibu na Bristol. Alipata habari za daktari aitwaye George Foss, aliyekuwa akiijaribu testosteroni kuwatibu wanawake wenye kutokwa na damu nyingi ya mwezi. Alimwendea akamweleza shida yake. Foss alisita, akamtaka kwanza aonane na daktari wa akili. Dillon akaenda, akafungua moyo wake kwa daktari yule wa akili, na yule bwana hakuweza kuutuliza ulimi. Baada ya muda mfupi habari zilifika maabara, zikawa mchezo wa wafanyakazi wenzake. Foss alimpa vidonge, lakini Dillon alilazimika kuiacha kazi.

Nimesoma mengi juu ya mtu huyu, na katika yote aliyopata, hili la daktari wa akili ndilo linaloniudhi zaidi. Siri ya mgonjwa ni amana. Mtu aliyekwenda kutafuta dawa akarudi na fedheha atawezaje kumwamini daktari mwingine? Dillon hata hivyo aliwaamini wengine, na hilo ni ajabu moja katika maisha yake.

Vita vikaja. Msomi wa Oxford akawa mtia petroli katika gereji ya Bristol, akivuta magari yaliyoharibika, na usiku akilala humo humo gerejini kulinda moto wakati ndege za Wajerumani zinaangusha mabomu juu ya mji. Vidonge vikafanya kazi yake, sauti ikanenepa, ndevu zikaota. Wateja wakachanganyikiwa. Wenzake walikuwa wakimwambia kila mfanyakazi mgeni kwamba huyu ni mwanamke, wakicheka, mpaka msimamizi wa gereji akatoa amri kwamba Dillon atajwe kwa neno la kiume, kwa kuwa wateja walikuwa hawaelewi tena mambo. Sisi wasemao Kiswahili amri kama hiyo isingetuhusu, kwani lugha yetu inasema yeye, amekuja, ameondoka, na haijali ni nani. Waingereza hawawezi kusema sentensi moja juu ya mtu bila kuamua kwanza ni mume au mke, na Waarabu ndio zaidi, kwani kwao hata kitendo hubeba alama. Kwetu tatizo huanza tunapofika kwenye Bwana na Bibi.

Bahati yake, kama tutaiita bahati, ilikuja kwa ugonjwa. Dillon alikuwa na tabia ya kupungukiwa na sukari mwilini, akaanguka akaumia kichwa, akapelekwa hospitali ya Bristol. Humo alionwa na daktari mmoja kati ya wachache sana duniani siku zile waliokuwa mabingwa wa kuunda upya viungo vya mwili. Daktari huyu alimsikiliza wala hakumcheka. Mwaka 1942 alimwondoa matiti, akamshauri abadilishe cheti chake cha kuzaliwa na akamtolea barua ya kumsaidia, kisha akamwelekeza kwa bingwa mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1944 kitabu cha serikali cha vizazi kilirekebishwa, na jina likaandikwa Laurence Michael Dillon, mwanamume.

Bingwa huyo mkubwa alikuwa Sir Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Katika Vita Vikuu vya Kwanza ndiye aliyewatengenezea nyuso askari waliorudi bila pua wala taya. Njia yake maarufu ilikuwa hivi: hukata ukanda wa ngozi, labda wa tumboni, bila kuutenga na mwili, akaukunja na kuushona ukawa kama mrija, damu ikaendelea kupita ndani yake, baada ya majuma kadha ncha moja ya mrija huhamishwa karibu na mahali panapotakiwa, ikishika ndipo ncha ya pili nayo hukatwa ikasogezwa. Ngozi hutembea kama mtu apandaye ngazi, hatua baada ya hatua, na kila hatua ni kisu kipya. Kwa njia hiyo Gillies alikwisha waundia viungo vya siri askari walioharibiwa na vita. Kwa Dillon aliifanya kazi hiyo kwa mtu ambaye kiungo hicho hakuwa nacho kamwe. Upasuaji ulianza mwaka 1946 na kuisha 1949, na haukupungua mara 13.

Katika vitabu vya hospitali Gillies aliandika kwamba mgonjwa ana hypospadias, yaani kasoro ya mtoto wa kiume anayezaliwa na tundu la mkojo mahali pasipo pake. Haikuwa kweli. Aliandika hivyo ili mgonjwa wake asije akafichuliwa, na pia, nadhani, ili yeye mwenyewe asije akaulizwa. Wasomaji wataamua wenyewe kama daktari yule alitenda jema au baya. Mimi naona tu kwamba mtu mmoja aliitoa siri na kumharibia kijana kazi yake, na mwingine akaificha kwa uongo, na kati ya hao wawili najua ningependa yupi anitibu.

Wakati wa upasuaji huo Dillon alikuwa mwanafunzi tena. Alikwenda Trinity College, Dublin, mwaka 1945 kusomea udaktari. Kuingia kwenyewe kulikuwa na kikwazo, maana shahada yake ya Oxford ilionyesha kwamba alisoma na wanawake. Mwalimu wake wa zamani alimwombea kwa msajili wa chuo kikuu, na maandishi yakageuzwa ionekane kwamba alisoma Brasenose, chuo cha wanaume. Jambo la vyeti si dogo. Hapa kwetu, mwaka 1 Januari hadi 31 Desemba vyeti ndivyo vinavyomfungulia mtu mlango wa kazi, na wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina jipya mtu aliyekuwa na shida ya namna hiyo hiyo. Dillon hakwenda mahakamani. Alikuwa na watu wa kumsemea, na hilo ni jambo la kukumbuka: jina la ukoo na marafiki wa Oxford vilimfungulia milango ambayo mtoto wa mvuvi wa Folkestone asingeweza hata kuibisha.

Likizo za chuo alizitumia kitandani katika hospitali ya Gillies huko Basingstoke. Miguu ilipooza kwa vidonda akarudi Dublin akichechemea, na akiulizwa alisema ni majeraha ya vita. Alipiga makasia tena, safari hii katika timu ya wanaume. Wasichana alikuwa akiwaepuka, na ili wasimkaribie alijifanya mtu mwenye kuwadharau wanawake. Nasema alijifanya, lakini mtu akijifanya kwa miaka mingi sura ya bandia humganda, na maandishi yake ya siku zile yana maneno juu ya wanawake ambayo hayapendezi.

Mwaka 1946, kabla hata hajawa daktari, alichapisha kitabu kiitwacho Self. Hakusema ndani yake kwamba anajieleza yeye. Alizungumza kama mtaalamu juu ya tezi na homoni, na juu ya watu ambao nafsi zao na miili yao havipatani. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba madaktari wamejaribu kuigeuza akili ya mtu wa namna hiyo wakashindwa, na ikiwa akili haigeuki, basi ni haki ya mgonjwa kuusogeza mwili uifuate. Leo hoja hiyo inasikika kila mahali, wako waikubalio na waikataao. Mwaka ule ilikuwa sauti ya mtu mmoja jangwani.

Kitabu hicho kilimfikia Roberta Cowell, mtu aliyekuwa rubani wa ndege za kivita na mshindani wa mbio za magari, aliyezaliwa mwanamume na akitaka kuishi kama mwanamke. Wakakutana, na Dillon akamtobolea siri yake. Shida ya Cowell ilikuwa sheria. Uingereza ilikuwa na sheria ya kale iliyokataza kumlemaza mwanamume, iliyotungwa zamani ili mfalme asipoteze askari, na kwa sheria hiyo hakuna daktari aliyethubutu kumhasi mtu mzima mwenye viungo salama. Dillon, ambaye alikuwa bado hajapata leseni ya udaktari, alimfanyia upasuaji huo kwa siri. Kisha Gillies akamalizia mwaka 1951, na Cowell akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana Uingereza kupata tiba kamili ya namna hiyo. Ninamstahi Dillon, lakini hapa alicheza na uhai wa mtu. Kama mkono ungeteleza, mmoja angezikwa na mwingine angefungwa. Alifanya hivyo kwa huruma, na pia kwa mapenzi, kwa kuwa alimpenda Cowell akamposa. Cowell alikataa.

Mwaka huo huo wa 1951 Dillon alipata udaktari wake. Alifanya kazi kidogo katika hospitali ndogo ya Ireland, kisha akaenda baharini.

Sasa turudi kwenye kile cheo. Waingereza wenye nasaba wana vitabu viwili vinavyoandika koo zao, Debrett's na Burke's, kama vile masharifu wa Lamu wanavyohifadhi shajara zao. Sir Robert hakuwa na mtoto wa kiume. Cheo cha namna ile hurithiwa na mwanamume tu, na Dillon, baada ya kubadili cheti, alihakikisha kwamba Debrett's inamtaja kama mdogo wa kiume na mrithi. Burke's ikabaki na Laura Maude, dada. Mwaka 1958 kuna mtu aliyevilinganisha vitabu hivyo viwili, na magazeti yakapata sikukuu. Meli ya Dillon ilikuwa imetia nanga Baltimore, Marekani. Waandishi wakamfuata huko huko bandarini. Alijitetea kwa ile habari ya Gillies, kwamba alizaliwa na kasoro ikarekebishwa, lakini siri ya miaka 15 ilikuwa imekwisha pasuka mbele ya mabaharia wote.

Wasomaji waliosoma mirathi chuoni watakuwa wamekwisha tabasamu. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo watoto wa pwani wameisoma katika Minhaj kwa vizazi, khuntha mushkil ana mlango wake katika urithi: hupewa kile kidogo chenye yakini, na kilichobaki huzuiwa mpaka hali yake ibainike. Wanazuoni wetu waliona tangu zamani kwamba swali la mume au mke huja kwa ukali zaidi panapogawanywa mali. Dillon hakuwa khuntha kwa mwili, na ni lazima tuseme wazi hivyo, kwa kuwa juu ya hali kama yake wanazuoni wa wakati wetu wamehitilafiana. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa mwaka 1988 baada ya mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar kufanyiwa upasuaji Cairo. Alijibu kwamba upasuaji unaruhusiwa kudhihirisha kiungo kilichofichika ikiwa daktari mwaminifu ameona haja, wala hauruhusiwi kwa matamanio matupu, na pande zote mbili za ugomvi ule zikadai kwamba fatwa ni yao. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1989 lilimruhusu khuntha na kumkataza aliyetimia viungo. Huko Iran Ayatullah Khomeini alikuwa amekwisha kuruhusu, na katika miaka ya 1980 mwanamke mmoja aitwaye Maryam Molkara alimwendea mwenyewe akapata ruhusa kwa maandishi, na tangu hapo tiba hiyo hutolewa huko kwa idhini ya serikali. Wasomaji wenye haja ya kujua zaidi wataona ni bora kuwauliza mashehe kuliko kumwuliza mwandishi wa gazeti.

Dillon hakurudi Uingereza. Alishuka melini Calcutta akapotea ndani ya India. Alikuwa kwa miaka mingi akitafuta jambo la roho, akasoma vitabu vya kila aina, na sasa akaingia dini ya Buddha. Alikaa Kalimpong kwa mtawa mmoja Mwingereza, akapewa jina Jivaka, ambalo lilikuwa jina la tabibu wa Buddha, kisha akaenda Sarnath. Mali yake aliigawa. Akataka kuwa mtawa kamili, na akagundua kwamba hata huko kuna mlango wenye bawabu, kwani kanuni za kale za watawa humkataza mtu asiye mume wala mke kamili. Siri yake, aliyomweleza mtu kwa kumwamini, ilitolewa tena. Ilikuwa mara ya tatu.

Watawa wa Kitibeti walimpokea katika daraja ya chini. Mwaka 1960 alikaa katika monasteri ya Rizong, kule Ladakh kwenye milima mikavu, kwa jina la Lobzang Jivaka. Daktari wa miaka 45, mtoto wa mabwana, alikuwa mwanafunzi mdogo kuliko wote, akifanya kazi jikoni chini ya amri ya vijana, akila unga wa shayiri na chai. Aliandika baadaye kitabu juu ya miezi ile, na kwa kadiri ninavyoona ndicho kitabu chake chenye furaha. Ruhusa yake ya kukaa ilikuwa fupi, ikaisha. Aliishi akiandika, maskini, afya ikidhoofika, akitamani kurudi.

Nchi aliyoiacha ilifunga mlango aliopitia. Mwaka 1970 mahakama ya London, katika kesi ya ndoa ya Corbett, iliamua kwamba jinsia ya mtu ni ile aliyozaliwa nayo, na tangu hapo rekodi za uzazi hazikurekebishwa tena kama ilivyofanyika mwaka 1944, mpaka Bunge lilipopitisha sheria mpya mwaka 2004. Hata leo watu wa huko wenye shida kama yake hungoja miaka mingi kabla ya kuonana na daktari kwa mara ya kwanza, na wengine hununua dawa kwa njia za kando, bila mtu wa kuwapima damu.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1962 Dillon alimaliza kuandika habari za maisha yake yote bila kuficha neno, akautuma muswada kwa wakala wake London. Alifariki siku chache baadaye, tarehe 15 Mei 1962, katika hospitali ya Dalhousie kaskazini mwa India, akiwa na umri wa miaka 47. Muswada uliwekwa kwa zaidi ya miaka 50, na kitabu, Out of the Ordinary, kikatoka Marekani mwaka 2016. Sir Robert aliishi hadi mwaka 1982. Alifariki bila mtoto wa kiume, na cheo cha Lismullen kikafa pamoja naye.